Babu, Leo Filimbi Yako Imelia

Babu yangu uliyelala,

Mwanangu Zubeda amepuliza filimbi yako. Sasa hivi tu, hata jasho halijanikauka. Nilikuwa nyuma ya nyumba naanika mihogo, yeye akapanda juu ya sanduku lako la bati, akaitoa kwenye msumari ule inaponing'inia na kofia yako ya jeshi, akasimama nayo mlangoni. Pii! Pii! Pii! Mara tatu, fupi fupi, kama wewe mwenyewe. Halafu akacheka.

Unajua kilichofuata. Watu wakatoka mbio. Mama wa Kikongo anayeuza mawese alikuja na mwiko mkononi, anauliza, "Mutu gani? Mutu gani anakufa?" Lakini wa kwanza kufika, Babu, mbele ya wote, alikuwa Lemi wa pikapu. Miguu mitupu, povu la sabuni shavu moja, taulo begani. Gari ameliacha barabarani linanguruma, mlango wazi. Hajakanyaga uwanja wetu tangu tulipokuzika.

Binti yako, Shangazi Mariamu, alikuwa kwenye mkeka anachagua mchele. Hakuinuka. Alimtazama Lemi kutoka miguuni mpaka kichwani, akasema, "Leo masikio imefunguka?"

Lemi alikuwa anahema. Akasema, "Shangazi, leo imelia fupi."

Zubeda tu ndiye aliyekuwa anacheka, ameng'ang'ania mguu wangu. Nikatazama chini, nikasema nakwenda kuwapikia watu chai. Ndiyo niko jikoni, maji hayajachemka, nimeshika daftari langu la zamani. Nakuandikia wewe kwa sababu ukweli wote wa filimbi hii tunaujua watu wawili tu, na mmoja hayuko.

Siku ile nilipoacha shule darasa la sita nikalia, uliniambia, "Mutu anaweza kusema, anaweza kuandika. Weka tu maneno chini kama vikombe, usimwage." Basi najaribu nisimwage.

Nakumbuka Jumamosi zako. Unatoka na kaptula iliyopigwa pasi, unapuliza moja ndefu, na mtaa mzima wa Koboko unaibuka na majembe kwenda kusafisha chemchemi. Sisi Wanubi, Wakakwa, Walugbara, wote. Uliniwekea begani jembe dogo ulilonichongea mpini wewe mwenyewe. Mara moja mtu mmoja akasema wanawake wa Kikongo wachote maji mwisho. Hukugomba. Ulichukua ndoo ya yule mama wa mawese, ukaijaza ya kwanza, ukamtwika. Ukasema, "Mwaka ile tulikimbia vita, mama moja huko kwao alinipa maji mbele ya watoto yake. Sasa mimi nichote mbele yake?" Yule mtu akachota wa mwisho, na tangu siku hiyo alikuita Afande kama wengine.

Vita yenyewe hukuisimulia. Vijana walikuuliza uliua wangapi, ukawajibu, "Mimi nilimaliza viatu tatu. Hiyo tu najua." Wakacheka, na wewe ukacheka, halafu ukaenda kukaa peke yako nyuma ya nyumba mpaka chakula kikapoa.

Filimbi na kofia ndivyo vitu pekee ulivyorudi navyo kutoka jeshini. Ulipokuwa mwenyekiti wetu ulitufundisha kuisikiliza filimbi kama makuruta: "Ndefu ni jembe. Fupi tatu ni mbio." Moto, mwizi, mgonjwa, fupi tatu. Nilikuuliza kwa nini fupi ndiyo ya hatari. Ukasema mutu mwenye hofu pumzi yake ni fupi, hata mtoto ataweza.

Mimi sikuweza, Babu.

Jumatano ile Shangazi alikuwa sokoni. Ulikuwa umekaa kitandani unavaa viatu, umefunga kimoja. Ukainama kuchukua cha pili na hukuinuka. Ukasema, "Filimbi." Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu. Nilikimbia nayo mlangoni, nikapuliza, na ilitoka ndefu. Moja. Nikapuliza tena, ndefu. Niliisikia kwa masikio yangu na nilijua ni makosa, lakini pumzi ilikataa kukatika. Ilikuwa kama kulia.

Ng'ambo ya barabara Lemi alikuwa tayari kwenye usukani, magunia ya mihogo nyuma, safari ya Arua. Wewe ndiye uliyempa ruhusa asije kwenye kazi ya jembe siku za soko. Aliniinulia mkono, kama mtu anayesema samahani, leo niko njiani. Akaondoka. Nikauona mkono wake, na badala ya kumwita nikarudi mbio kwako. Majirani walikuja polepole, majembe begani, mmoja anatania, "Afande, leo hata Jumatano?" Mpaka walipopata gari lingine, ulikuwa umekwenda, na mimi bado nimeshika kiatu chako.

Jioni Shangazi alisimama mbele ya waombolezaji, akasema Lemi alisikia filimbi ya mgonjwa akaendesha gari lake. Lemi akaapa, "Ililia ndefu." Shangazi akamwambia, "Ndefu Jumatano? Kazi gani iko Jumatano? Muongo wewe!" Waliokuja na majembe wakamwunga mkono, wengine wakasema nao wanaficha tu kuchelewa kwao. Nilikuwa palepale. Nilikuwa na ulimi kinywani mwangu. Nikainama nikamfunika Zubeda shuka, na hakuwa hata na baridi.

Sukari aliyoleta Lemi kwenye matanga ilirudishwa mlangoni kwake. Nusu ya mtaa wako upande wake, nusu upande wetu. Jumamosi hakuna anayekwenda chemchemini. Majani yamefunga njia, na wanawake wanagombania zamu ya kuchota maji, uliyokuwa ukiipanga kwa kunyoosha kidole tu. Mwenyekiti mpya anaogopa hata kuja kuulizia filimbi.

Kila asubuhi nasema leo nitasema. Halafu namtazama Zubeda amelala. Nyumba hii sasa ni ya Shangazi. Baba Zubeda yuko Arua, bado anatafuta chumba, kila wiki ananiambia wiki ijayo. Shangazi akijua kwamba ni mimi niliyekosea, akinitupia nguo zangu nje, nitamlaza mtoto wapi? Ndiyo nanyamaza. Na nikinyamaza namwona Lemi anapita na gari lake, anatazama mbele tu.

Sijui kama fupi tatu zingekuokoa. Hakuna wa kuniambia. Usiku na mchana nauliza, na wewe tu ndiye ungeweza kujibu.

Lakini leo mtoto wa miaka mitatu amepuliza bila hofu yoyote, na yule tunayemwita muongo amekuja miguu mitupu. Shangazi ameona. Alipotazama povu lile la sabuni niliona uso wake unabadilika kidogo. Labda. Natumaini labda.

Lala vizuri, Babu. Mimi ni mjukuu wako yuleyule uliyemchongea mpini mdogo. Zubeda anakusalimu, anadhani umekwenda kazini.

Shangazi anapiga kelele, "Mama Zubeda! Hiyo chai unapika ama unazaa?" Watu wanacheka. Hata yeye nasikia kama anacheka. Na namsikia Lemi anaaga, anasema gari linakula mafuta bure. Akitoka leo hatarudi tena.

Maji yamechemka. Naanza na kikombe cha Lemi, cha kwanza, mbele ya wote, kama ile ndoo. Shangazi ananiita tena. Nikishamwekea, kabla pumzi haijanikimbia, nitasema, Shangazi, siku ile mimi ndiye niliyeipuliza ndefu.