Wigi Ulilozikwa Nalo

Dada Nyamisi,

Nina hasira tangu siku tulipokuzika Butiama, na wa kumwambia ni wewe tu. Nitaeleza kama ilivyokuwa.

Asubuhi ile niliingia chumbani kukuaga kabla jeneza halijatolewa nje. Wifi yako Perusi alikuwa amenitangulia, ametoka Bunda na mkoba wake wa saluni. Nilikukuta umevalishwa wigi. Refu, jeusi, limenyooka hadi mabegani. Nikamuuliza nani ameruhusu. Hakugeuka hata kunitazama. "Tungemtoaje mbele ya watu na kipilipili kile? Wifi yangu alikuwaga mtu wa kupendeza."

Nikanyoosha mkono nilivue. Mama mkubwa akanidaka kiganja. "Usigombane juu ya maiti, mwanangu." Nje wanakwaya walikuwa wameshaanza kuimba. Ukatolewa hivyo hivyo. Wanawake wa Nyasho uliokuwa ukiuza nao vitenge walipita mmoja mmoja, wakasema umelala vizuri.

Hukulala vizuri. Ulibandikwa kichwa cha mtu mwingine.

Ninajua kile chako kilivyokugharimu, kwa sababu tuliishi nyumba moja pale Makoko. Dawa ya Perusi ya kunyoosha nywele ilikuunguza nyuma ya sikio mpaka ukatoka kidonda, na Perusi akakwambia, "Vumilia, ndiyo inashika." Uliporudi nyumbani ulisema basi. Hukurudia tena. Ikafuata miaka miwili ya nywele za aina mbili kichwani: shina limejikunja, ncha zimenyooka zimekauka, na pale zinapokutana zinakatika kila ukipitisha chanuo. Nilikwambia uzinyoe zote uanze upya. Ukakataa. "Nikinyoa watauliza nani kafa." Basi ukafunga kilemba, dukani kilemba, kanisani kilemba, watu wakidhani umeokoka.

Kisha ile Jumamosi ukakaa uani, kioo umekiegemeza kwenye ndoo, ukakata ncha zote kwa mkasi. Kisogoni ukanipa mimi nimalizie. "Kata. Usinionee huruma." Nilipomaliza ulipapasa kichwa chote taratibu, ukacheka. "Kumbe nilikuwaga na kichwa." Kesho yake ulienda misa bila kilemba. Mwezi haukuisha, presha ikakuchukua.

Na bado hujasikia linalonichoma zaidi. Siku ya kuanua matanga walitukalisha mkekani, wakatunyoa sote tuliofiwa, mimi na mwanao Nyangeta pamoja. Mila ni mila, sikubisha. Lakini aliyeshika wembe ni Perusi. Nywele zako fupi alizificha kwa kuwa ni aibu. Vichwa vyetu vitupu akavipitishia kiganja, akasema hapo sasa tumemheshimu marehemu. Nilitaka kumuuliza heshima gani hiyo.

Nyangeta amemaliza kidato cha nne na sasa yuko Bunda kwa shangazi yake huyo, anasubiri matokeo. Nywele zimeota, zinashikika. Wiki iliyopita akanipigia: "Mama mdogo, shangazi ananiwekea dawa Jumamosi." Nikapanda basi.

Niliwakuta saluni. Mtoto ameshafungwa taulo mabegani, mafuta ya mgando yanang'aa kwenye paji na masikioni, kopo la dawa limefunguliwa. Perusi aliniona mlangoni. "Karibu, mwandishi. Leo umekuja kuandika habari za nywele?" Wateja wakacheka. Mmoja akaongeza, "Aanze na zake." Nikawaacha wacheke. Nikamuuliza Nyangeta nani anataka dawa.

"Mimi, mama mdogo."

"Kwa nini?"

"Nataka nifanane na mama. Kama alivyokuwa siku ile."

Dada, kazi yangu ya uandishi wa habari imenifundisha kusikia mambo mazito bila kubadili uso. Pale ilibidi nitafute kiti. Mtoto alikuwa shule ya bweni. Kila likizo alikukuta na kilemba, na ulipokivua yeye hakuwepo. Kichwa chako cha mwisho anachokijua ni kile cha jenezani. Wigi la Perusi ndilo limekuwa mama yake.

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha niliyokupiga uani ile Jumamosi. Vipande vya nywele viko mabegani, mkasi uko mapajani, na unanitazama kana kwamba unasema piga basi, uondoke. Nyangeta aliitazama, akaikuza kwa vidole. Perusi akasogea na brashi yake mkononi, akachungulia.

Nyangeta akamuuliza yeye, si mimi. "Shangazi, mbona mlimfunika?"

Perusi akataja wageni, akataja midomo ya watu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilitaka apendeze." Namwamini. Hasira yangu haijapungua hata kidogo.

Mwanao akachukua pembe ya taulo, akafuta mafuta pajini. "Leo basi, shangazi."

Alisema leo. Sikumwongezea neno mdomoni. Ni msichana mkubwa, kichwa ni chake, na huenda mwezi ujao akarudi kukaa kwenye kiti kile kile. Akirudi, atakuwa amekwisha kukuona.

Lala sasa, dada. Mwaka ukitimia tutakuja Butiama kukusimikia msalaba, na mbele ya watu itawekwa picha ile ya uani, nimeikuza. Nakuahidi hilo. Mama mkubwa ameshaniambia watu watashangaa.

Na washangae.

Mdogo wako,
Wegesa