Eneo la Wazi

Mwenzangu, nimetoka kwenye kikao cha manispaa sasa hivi.

Kile kiwanja nyuma ya shule, wanapochezea watoto wetu, kinauzwa.

Nilisimama mbele za watu nikauliza bembea zinafungwa lini, maana tuliahidiwa bustani. Afisa mipango miji akanitazama kama nimepotea njia. "Mama, ramani inasema eneo la wazi. Wazi maana yake hakuna kitu."

Hakuna kitu!

Nikamwambia, "Mwanangu, wazi maana yake ni la kila mtu." Ukumbi mzima ukacheka. Wakanicheka mimi, si yeye.

Eti wanauza ili wapate hela za kujengea bustani. Nikauliza, hiyo bustani itakaa wapi? "Tutatafuta eneo la wazi." Kasema hivyo hivyo, uso mkavu.

Mwenyekiti akauliza nani anapinga. Nilinyoosha mkono peke yangu. Baba watoto, kando yangu, anaangalia viatu vyake.

Nimepita pale nikirudi. Wapimaji walishapigilia vigingi vyao hata kabla ya kikao. Wanao na wangu wamevifanya magoli, wanacheza.

Sijawaambia kitu.