Filimbi Naye Anadai

Shoga, niko nje ya ofisi wanakolipa zile ovataimu zetu za kazi ya udobi tulizodhulumiwa. Nina hasira hizo!

Nimemkuta Filimbi kwenye foleni. Filimbi! Msimamizi aliyekuwa akitusainisha kwamba tumetoka, kisha anaturudisha kupiga pasi mashuka ya hoteli hadi miguu inavimba.

Eti naye anadai!!

Kumbe kila mtu lazima ashuhudiwe na mwenzake kwamba alikuwa akibaki baada ya saa za kazi. Wote wamempa mgongo. Akanijia mimi. "Dada yangu, si unajua nilikuwa nabaki na nyinyi?"

Dada yangu!! Siku mama yangu amezidiwa nilimwomba niondoke, akanijibu, "Kwani wewe daktari?" Leo nimekuwa dada yake.

Sikumtukana. Nikaenda naye hadi dirishani, nimetulia kama maji mtungini. Karani akaniuliza, "Ni kweli huyu alikuwa anabaki?"

Nikasema, "Kweli kabisa, mama, kila siku. Tulikuwa tunafungiwa mlango kwa nje, na mwenye ufunguo ndiye huyu."