Masikio ya Kwenda Lalago

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mwaliko wa Lalago kwa bendi yetu, Michembe Band, umefika. Saba Saba, uwanja uleule, wapinzani walewale — Pamba Nyeupe ya Maswa. Mayige, mume wangu na mpiga gitaa wetu, kausoma mezani kwa sauti, amesimama, utadhani anatangaza msiba. Alipomaliza akaniangalia. Nikamwambia baba Mihayo, usiniangalie.

Kule hakuna jaji. Bendi mbili, kila moja na upande wake wa uwanja, zinapiga kwa wakati mmoja. Watu wanatembea. Jua likizama, upande wenye watu wengi ndio umeshinda, basi. Babu zetu walishindana hivyohivyo kwa ngoma, sisi tumeongeza magitaa tu. Mwaka jana watu walitembea vizuri sana — wote kwenda kule.

Lakini sikuisikia sauti yangu! Ile spika ya chini ya kumsikilizisha mwimbaji ilielekezwa magotini. Magoti yangu yalisikia kila kitu. Mimi nikawa napiga kelele tu, noti gani hata sijui. Mhoja, mwimbaji wao, akatunga wimbo palepale: ng'ombe wa Lalago wamerudi zizini saa nane mchana, wamemsikia Kabula wakadhani fisi.

Wimbo umezunguka Simiyu yote. Muuza vocha anauimba. Leo nimemkuta mama mkwe anamenya viazi, anauimba na yeye. Aliponiona akasema mkamwana usinune, una utamu wake.

Mwaka huu naimba kwenye noti. Nikishindwa tena naacha muziki, naenda Nassa kuuza dagaa. Nimemwambia Mayige. Kusema kweli nilitegemea abishe kidogo.

Ijumaa, 9 Mei

Abdulrazak amekuja na dawa. Huyu ni afisa TEHAMA wa halmashauri, Mtanga, wikiendi ndiye fundi mitambo wetu. Anaongea taratibu kama anamwagilia maua. Anasema dada Kabula, tatizo lako si sauti, ni masikio. Sijui nishukuru au nimetukanwa.

Dawa yenyewe ni monita za masikioni. Unaziba masikio yote mawili, waya unapita mgongoni hadi kwenye kiboksi kiunoni, yeye anakutumia sauti yako moja kwa moja. Kelele za jukwaani hazikufikii. Nikamuuliza, kama zile za simu? Akafumba macho kidogo. Akasema dada, tafadhali.

Mayige ameuza ng'ombe dume mmoja tuzinunue. Mama mkwe hasemi naye. Dume lile alilipenda.

Alhamisi, 15 Mei

Zimefika, zile za kawaida, za saizi ya kila mtu. Zina vimpira vya mbele — vidogo, vya kati, vikubwa. Unajaribu hadi kimoja kizibe sawasawa. Abdulrazak anasema ukisikia besi nzito, kimeziba. Besi ikiwa nyembamba kama redio ya mlinzi, kuna hewa inapita.

Kumbe masikio yangu si mapacha. La kulia linakubali kidogo tu. La kushoto limemeza kikubwa na bado linadai. Miaka yote hii nimetembea mjini na masikio ya watu wawili tofauti na hakuna aliyeniambia. Nimemuuliza Mayige kama alijua. Akasema alidhani najua.

Halafu majaribio. Tabasamu. Geuka. Tafuna. Nikatafuna mihogo miwili mbele ya bendi nzima huku Abdulrazak anauliza besi ipo? Ipo. Sasa? Ipo. Nikapandisha noti ya juu, mdomo wazi kabisa — ya kushoto ikaruka nje. Tena. Tena. Shigela, mpiga drams wetu, alicheka hadi akashuka kwenye kiti.

Jumamosi, 24 Mei

Harusi Nyashimo. Siandiki mengi.

Kwenye "bwana harusi simama", noti ya juu, monita ya kushoto imechomoka, imeruka, imetua kwenye sahani ya pilau ya mjomba wa bibi harusi. Nami nipo juu naimba, namwona anachanganya na kachumbari. Nikaingiza kwenye wimbo: mjomba usile, mjomba hicho si nyama. Ukumbi ukaitikia, mjomba usile! Akainuka akacheza, kijiko mkononi. Nilishuka nikamnyang'anya sahani.

Watu walifurahi sana, sijui kwa nini. Mimi nilitaka kulia. Abdulrazak kaiosha kwa spiriti, hakuniangalia usoni safari nzima ya kurudi. Uamuzi: tunatengeneza za kuchongwa, za masikio yangu tu.

Jumanne, 27 Mei

Kuchonga kunataka kwanza upate umbo la sikio kwa ndani. Mayige alitaka atumie nta ya mshumaa, nikamwambia kaanze na ya kwako. Abdulrazak akampata Gregory, fundi wa meno bandia hapa mjini, kijana wa Mbeya, safi sana, anavaa glavu hata akipokea simu. Zamani alifanya kazi kwa watu wa vifaa vya viziwi, kwa hiyo sikio analijua na dawa yake maalumu anayo. Ila siku hizi ni meno, meno, meno.

Kwanza akamulika ndani. Akasema mama, kuna nta humu ya kupaka sakafu ya darasa. Akasafisha. Halafu akasukuma kipande cha pamba chenye uzi, ili dawa isifike kwenye ngoma ya sikio. Pamba! Tumeilima, tumeipalilia, tumeibeba mgongoni, sasa inaingia na kichwani.

Ikaja dawa yenyewe, ya pinki, baridi. Inatakiwa mdomo uwe wazi hadi ikauke, ili umbo liwe la mtu anayeimba, siyo la mtu aliyenuna. Hakuwa na kibao cha kung'ata. Nikang'ata gunzi la muhindi. Nimekaa kwenye kiti cha meno, gunzi mdomoni, pinki masikioni, na wateja mlangoni wanachungulia. Mzee mmoja akaniamkia kwa Kisukuma, mwadila, mayu. Nitaitikia na nini?

Ilipokauka Gregory akavuta, ploo, halafu kwa mazoea akanipa kikombe cha maji, akasema sukutua, tema. Nikatema. Wote tukabaki tunaangalia beseni.

Jioni maumbo yalikuwa mezani yanasubiri kwenda Dar kwa basi. Mama mkwe kayaona. Karudi nyuma. Kauliza kwa Kisukuma ni ya nani na mwenyewe yuko wapi.

Ijumaa, 20 Juni

Zimerudi! Ngumu, zinang'aa, rangi ya maji ya chai. Herufi ya jina langu imechongwa kwa udogo, K upande mmoja, K upande mwingine, kwa hiyo ya kulia ni ipi haijulikani. Dakika nzima nilikuwa nasukuma ya kushoto kwenye sikio la kulia. Unaingiza ncha kwanza, unazungusha kuelekea nyuma, unavuta sikio juu kidogo. Ikakaa. Dunia ikazimika.

Halafu Abdulrazak akafungua maiki yangu na nikajisikia kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Kwanza ilinitisha. Mate. Meno. Pumzi inavyoingia. Nikaimba, na nikasikia wazi ninavyoanguka kila ninapofika juu — siyo sana, kidogo, kila mara. Kwa hiyo Mhoja hakunisingizia. Nilikaa chini ya jukwaa nikanywa soda taratibu. Iliniuma.

Nikarudi. Nikairekebisha ile noti. Ikakaa. Nikairudia hadi Shigela akauliza kama tuna wimbo mwingine.

Jumapili, 29 Juni

Mazoezi kila siku. Nimekuwa mtu mwingine. Kila mtu wa bendi sasa ana zake, wengine za vimpira, mimi peke yangu za kuchongwa, na kila mmoja anachagua anachotaka kusikia. Nimemwomba Abdulrazak kwa siri apunguze gitaa la Mayige masikioni mwangu. Akapunguza. Nikasema kidogo tena. Sasa halipo kabisa. Amani.

Jana usiku nikaungama, maana ni mume wangu. Mayige akakuna shingo. Kumbe na yeye sauti yangu aliitoa masikioni mwake tangu wiki iliyopita.

Tulilala tumepeana migongo. Lakini mazoezi ya leo yamekuwa mazuri kuliko yote.

Jumatatu, 7 Julai

Lalago. Naandika kwenye gari nyuma ya jukwaa, mapumziko.

Tulianza saa nane. Uwanja umejaa, pamba imeuzwa, watu wana viatu vipya. Tulipopanda, wanaoona waya mgongoni wakaanza kunong'ona kwamba Michembe Band wameweka samba masikioni — ile dawa ya kuvuta watu. Basi wakaja mbio upande wetu kutuona. Nusu ya Lalago! Nikaona mambo si haya.

Nikafumba macho. Nikaimba. Sijawahi kuimba vile, nasema ukweli, hapa hakuna wa kunidanganya. Ile noti ya juu niliikuta ilipo kila mara. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, tumeunganisha bila kupumzika. Ndani mle nilikuwa mimi na sauti yangu tu, safi kabisa. Machozi yalinitoka kwa raha.

Nikafumbua macho. Uwanja mtupu. Majani. Maganda ya karanga. Babu mmoja kwenye kiti cha plastiki, amelala. Na kule upande wa pili, Pamba Nyeupe, watu wamebanana hadi wengine wamepanda trekta.

Mhoja hana monita. Hana hata noti, leo sauti imemkauka. Lakini anawaita watu kwa majina ya koo zao, mtu akimrushia utani anaurudisha, bibi akianzisha wimbo anapokea. Wanambeba. Ndicho walichokuja kufanya.

Nimemgeukia Abdulrazak: uliona wanaondoka? Aliona. Ana njia ya kuniambia masikioni? Anayo. Sasa? Akasema dada, nilikuwa narekodi, ilikuwa inatoka vizuri mno, sikutaka kuiharibu. Mayige hakuona, alikuwa anaangalia vidole vyake. Shigela aliona, akadhani wanakwenda kunywa maji.

Halafu akaja mama mmoja, mkulima wa hapahapa, kitenge cha kijani, kapita nyuma ya jukwaa hadi kwenye gari. Midomo ikaenda. Nikatoa monita ya kulia nimsikilize. Hakuwa na hasira. Akasema mwanangu, leo umeimba vizuri sana. Tumekuitikia mara ya kwanza, ukanyamaza. Tumekuitikia tena, umefumba macho. Tukasema basi, huyu leo hatuhitaji, twende kwa anayetuhitaji.

Nikamwambia mama, sikuwasikia. Akasema tumeona.

Akaondoka. Inaniuma kuliko ng'ombe na fisi.

Sasa kinachoendelea: Mayige anataka nizitoe zote mbili nikaimbe na watu. Abdulrazak anasema nikizitoa, kwa kelele za leo, noti zitaniponyoka kama mwaka jana, na kutoa moja ni kujiumiza sikio, maana inayobaki inabidi iongezwe sauti. Anataka asimamishe maiki ielekee watu, niwasikie kupitia humohumo. Nikamuuliza watu gani. Kaenda kuisimamisha hata hivyo. Imemwelekea babu.

Jua bado lipo juu kidogo. Mtu akiimba vizuri anaweza kuwarudisha. Au akiimba vibaya, lakini nao. Sijui mimi ni yupi.

Abdulrazak alipokwenda, ile ya kulia niliirudisha sikioni. Bila kufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Humu ndani kumetulia. Nasikia pumzi yangu tu.

Mayige amesimama mlangoni mwa gari, mdomo unafunguka na kufunga. Nadhani ananiita.