Mbolea Imehamia kwa Bi Riziki

Msambweni, Alhamisi

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Mimi ni mzima, ila nimeaibika. Unalikumbuka lile sanduku langu la mchanga, la kuonyesha maji yanavyopita kwenye majaruba ya mpunga na mbolea inavyokwenda nayo? Sanduku lilisema mbolea ya Bi Mwanasiti, mkulima ninayemshauri huku, itatulia jarubani mwake mpaka mavuno. Tukaitia. Jirani yake wa bondeni, Bi Riziki, aliikataa katakata: "Chumvi yenu hiyo pelekeni jikoni."

Leo mpunga wa Bi Mwanasiti umegeuka manjano, na wa Bi Riziki ni kijani kilichokoza. Kumbe kila alasiri Bi Mwanasiti hufungua tuta, maji yateremke kwa mwenziwe.

"Nimnyime jirani maji, mwanangu?" aliniuliza.

Sandukuni mwangu sikuweka jirani.

Jumatatu mkubwa wangu anakuja kukagua, na Bi Riziki ameshajitolea kumweleza jinsi mpunga unavyostawi bila mbolea. Kwa kunihurumia amenilisha wali wa nazi na samaki changu wa kupaka, nikaongeza sahani.

Nibusie watoto. Baba mwambie mbolea imefanya kazi vizuri sana. Usimwambie shambani kwa nani.

Nduguyo, Juma