Taa Nyekundu Tukipita Tarasaa

Jumatatu, 7 Julai

Tangazo rasmi kwa wananchi wote wa chumba hiki, yaani mimi na cherehani yangu: leo alfajiri, mbele ya jirani mmoja na mbuzi wake, gari la Mama Rehema, lililotoka kwa fundi jana, limewaka. Hakutakuwa na hotuba. Hakutakuwa na pilau.

Limewaka, likazima. Likawaka tena.

Tumetoka Garsen hadi Malindi na kurudi. Kila Jumatatu na Alhamisi Baba Rehema lazima alale kwenye ile mashine ya figo, asafishwe damu, na zamu yake ni ya asubuhi. Wiki iliyopita gari likiwa kwa Kazungu, fundi wetu, injini imefunguliwa kichwa, tulipanda matatu. Ikajaza abiria taratibu, tukafika zamu imepita. Siku zile alilala ameketi, mgongo ukutani, akivuta pumzi kwa zamu kama anaikopa. Sitaki kuona tena.

Sasa gari. Taa ya njano, ile ya injini, imewaka tangu Minjila. Na kila nikisimama gari linatetemeka, mara linazima. Baba Rehema aliendesha malori maisha yake yote. Leo ni abiria wa mke aliyepata leseni juzi kwa huruma ya mwalimu. Alitega sikio.

"Silensa haishiki," akasema. Ule mngurumo wa gari likiwa limesimama.

Mie nilidhani anayetetemeka ni mimi.

Jumanne, 8 Julai

Kwa Kazungu. Kijana mzuri, ana heshima, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Amebadilisha plagi. Amepuliza hiki, amefuta kile.

"Mama Rehema, hiyo taa ya njano ni urembo tu. Gari ikitoka operesheni lazima ilalamike. Na pengine ni vile unakanyaga klachi."

"Kazungu mwanangu, gari hii haina klachi."

Akainama kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika.

Mwishowe akachomoa waya wa betri, akaurudisha. Taa ikazima. Tukapeana mikono kama mawaziri waliotia saini mkataba. Nikafika nyumbani, nikazima gari, nikaliwasha tena kujifurahisha. Taa ile pale. Njano.

Jumatano, 9 Julai

Imeongezeka nyekundu. Yenye picha ya birika linalodondosha tone. Oili. Gari likishachemka, nikisimama, inapepesa. Nikikanyaga mafuta inazima. Taa ya njano huniudhi. Hii inanitoa jasho.

Nikarudi kwa Kazungu. Safari hii hakutania. Akapandisha silensa, gari likawa linanguruma hata likiwa limesimama.

"Taa unaiona?"

"Siioni."

"Basi imepona."

Nimeingia uani kwa kishindo kama trekta. Kuku wamekimbia. Baba Rehema alikuwa barazani, hakuinuka hata kutazama.

"Huyo hakutibu. Amepaka poda."

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji: "Kesho tusiende. Siku moja si kitu."

Hilo limeniogopesha kuliko taa zote mbili. Siku moja naijua. Miguu yake imeshajaa, nikibonyeza kidole kinaacha shimo. Mtu aliyechoka huanza hivyo, kwa siku moja. Suruali ikichanika najua pa kuanzia. Hapa sijui. Nilijifanya sikusikia, nikaenda kupika. Ugali umekuwa mgumu, hakuna aliyelalamika.

Tunakwenda. Nimeamua. Naogopa na nimeamua.

Alhamisi, 10 Julai

Benchi la hospitali, Malindi. Yuko kwenye mashine.

Tulipita Tarasaa vizuri. Mbele kidogo taa nyekundu ikawaka. Safari hii haikupepesa. Ilitulia pale, na gari liko mbioni. Gari likazimwa, tukaegesha kando. Jua. Ng'ombe mbali. Simu haina mtandao. Baba Rehema midomo imekuwa ya majivu.

Gari likiharibika, dereva hukata matawi akayatandaza barabarani, wanaokuja wapunguze mwendo. Hilo nalijua, nilifundishwa na Baba Rehema wa malori. Nikachukua panga butini, nikakata yaliyo karibu, nikatandaza vizuri, hata nikayapanga kama kitambaa mezani.

Yaliyo karibu yalikuwa mathenge.

Pikapu iliyobeba tikiti maji ikaja. Ikapunguza mwendo kama inavyotakiwa. Ikapita juu ya alama yangu taratibu, kwa adabu. Ikafanya ssss. Dereva akashuka, kijana anaitwa Jillo. Akatazama tairi, akatazama ile miiba, ambayo kwetu huku kila mtoto anaijua, kisha akanitazama mimi.

"Mama, hii ni alama ya hatari ama ni mtego?"

Nilitamani ardhi inimeze. Baba Rehema, na pumzi ile ya kuokota, akacheka hadi akakohoa. "Mwonee huruma," akasema, "mke wangu ni fundi wa sindano."

Kila dakika ya kubadilisha tairi nilikuwa namtazama kifua. Kinapanda. Kinashuka. Jillo hakuuliza malipo wala hakununa. Alimkalisha Baba Rehema mbele. Mie nikapanda nyuma, nimekumbatia tikiti. Gari tumemwachia mwanamke wa Kiorma aliyekuwa kando ya barabara na madumu yake, anangoja gari la maziwa. Alisema ndugu zake wanachunga hapo hapo, haliguswi.

Tumefika zamu inakaribia kufungwa. Nesi akanitazama nguo, zina vumbi na maji ya tikiti. Akamchukua.

Ijumaa, 11 Julai

Nimelala. Basi.

Jumamosi, 12 Julai

Gari lilivutwa jana hadi kwa fundi wa Malindi, mzee Salimu. Lilikutwa zima, na mtindi kwenye chupa juu ya boneti. Hata sijui nimshukuru vipi yule mama.

Mzee Salimu hakuliwasha. Kwanza amefungua bakuli la oili chini ya injini. Chujio limezibwa na vipande vyekundu, laini kama pojo zilizoiva. Gundi ya gasketi. Ilipakwa nyingi mno, ikafinywa ndani, ikakatika, ikaenda kuziba njia. Oili ipo, haipandi. Ndiyo maana nyekundu ilipepesa silensa ikiwa chini, na Kazungu alipoipandisha tukadhani imepona. Mzee alipomaliza kusafisha, akaweka oili mpya, akaliwasha, akapima nguvu yake kwa geji. Sawa. Kisha akainama nyuma ya injini na kusikiliza mlio mwembamba wa kunyonya. Mpira mdogo wa hewa, haukurudishwa mahali pake. Akauchomeka. Tetemeko likakoma hapo hapo. Taa ya njano akaizima, haijarudi.

Nimempigia Kazungu. Nikamweleza yote.

"Mama, nilipaka nyingi isije ikavuja."

Nimeshindwa kumkaripia. Mie mshono nikiuogopa naupitisha mara tatu, nguo inakuwa ngumu kama ubao. Amesema atakuja kumwona Baba Rehema. Nimemwambia aje bila spana.

Mzee Salimu alisema gari lingekwenda kidogo tu zaidi, injini ingejifunga kabisa. "Aliyeizima alifanya jambo. Nani?" Nikajikohoza. Amechukulia ni mimi. Tumerudi nalo leo, na habari imeshafika Garsen kabla yetu. Sokoni leo wananiita dereva. Muuza nyanya ameniongezea mbili juu. Nimezichukua.

Jumatatu, 14 Julai

Benchi lile lile. Silensa imeshika kutoka Garsen hadi hapa. Nimetazama dashibodi kuliko barabara, Baba Rehema akanionya mara mbili. Sasa amelala kwenye mashine, mdomo wazi. Hofu ipo, lakini imekaa chini.

Niandike yaliyokuwa, maana sokoni sitayasema.

Taa ilipotulia nyekundu, niliiona. Maana yake nilikuwa naijua, aliniambia Baba Rehema mwenyewe siku ya kwanza kunifundisha: nyekundu ni kuzima hapo hapo. Nikakanyaga mafuta zaidi. Niliwaza zamu tu. Nilikuwa nasema kwa sauti, tufike, tufike, kisha ife.

Akasema, "Simama."

Sikusimama.

Akasema tena. Sikumtazama hata. Ndipo alipoinama mbele yangu na mkono ule wa mashine, ule tulioambiwa usibebe hata ndoo, akashika ufunguo akazima. Usukani ukawa mzito kama jiwe. Tuliyumba. Sijui tulivyofika kando bila kupinduka. Nilimpigia kelele, mie ambaye sijawahi kumpigia kelele. Nikamwambia kama anataka kufa aseme, nisijisumbue kumwendesha.

Alingoja nimalize. Pumzi ilikuwa inamkatika.

"Gari ikifa leo," akasema, "Jumatatu utanileta na nini? Na Alhamisi yake? Na mwezi ujao?"

Mimi nilikuwa nimefika kwenye zamu ya siku ile tu.

Nikakaa kidogo, mikono kwenye usukani. Kisha nikashuka kukata matawi.