Kwa Dada Nakato, Kuhusu Bega la Rico

Dada yangu Nakato,

Joto limepungua. Jana nilitoka kazini saa kumi alasiri nikatembea kutoka kituo cha metro mpaka nyumbani Mansoura, hapa Doha, bila kutafuta kivuli hata mara moja. Wewe ukisikia hivyo unajua kinachofuata. Ijumaa ijayo msimu wa besiboli unaanza, na watu wetu wameshaanza kugombana.

Juzi tuligombana ndani ya gari la Baraka, nje ya ile kafteria ya chai ya maziwa, vikombe vya karatasi mkononi. Baraka alitangaza ubingwa kabla chai haijapoa. "Hii mwaka tunabeba kombe, wasee. Wekeni hiyo kwa kichwa." Zamani ungemjibu wewe. Safari hii nilijibu mimi, nikasema tukijitahidi tutakuwa wa tatu, maana bado hatuna mrushaji wa kumaliza mchezo mzima. Baraka akanigeukia, akaniangalia vizuri, akasema, "Kwani siku hizi wewe ndio Nakato?"

Nilifurahi, dada. Halafu nikaona haya, na haya hiyo ndiyo iliyoniandikisha barua hii.

Naiweka wazi, kwenye kundi letu la simu, wote waisome. Neno nililokwambia mwaka jana nililisema mbele za watu, na sipendi kulifuta kwa siri. Na kwa kuwa wengine wameingia timu yetu ya Ngamia baada ya wewe kuondoka, hawakukujua, nitaanzia mwanzo.

Nilikuwa na wiki mbili Doha. Kazi yangu ilikuwa ile ile ya leo, kufua na kupiga pasi shuka za hoteli kule West Bay, na wewe ulikuwa mlinzi wa lango la wafanyakazi wa hoteli hiyo hiyo. Tulipangiwa chumba kimoja, mimi Mzanzibari ambaye sikuwahi kulala mbali na mama yangu, wewe Mganda uliyekwishazoea. Ijumaa ile ya mapumziko nilikuwa nimelala nimegeukia ukuta tangu asubuhi. Ukanivuta shuka.

"Amka, mutoto. Twende tuone watu wanarusha vitu."

Baraka, shabiki mwenzetu, akatupeleka Al Rayyan, kwenye kiwanja cha mchanga kisicho na hata jani moja. Nikaona wanaume wazima, wapishi, madereva, walinzi, wanapiga kimpira kwa gongo kisha wanakimbia kuzunguka kama wamefukuzwa na nyuki. Nilikuuliza nani anashinda. Ukasema, "Sisi hapana," na ulikuwa unatabasamu. Sikuelewa. Nikadhani labda katika mchezo huu anayefungwa ndiye anayefurahi.

Jioni ile ulinifundisha sheria juu ya mkeka, kwa vikombe vinne na punje ya dengu. Kila kikombe ni kituo. Mrushaji anarusha, mpigaji anapiga, akishapiga anakimbia kituo hadi kituo, na akivimaliza vyote ni pointi moja. Ukaniambia ulikuwa mrushaji wa timu ya wasichana skulini kwenu Uganda. Nikacheka. Ukachukua ile dengu ukairusha, ikaingia ndani ya kikombe kilichokuwa dirishani. Sikucheka tena.

Ikawa hivyo miaka yote mitatu iliyofuata. Kila mwezi wa kumi, kabla ya msimu, tunakaa ndani ya gari la Baraka tunaichambua Ngamia. Baraka anatoa kombe, mimi natoa matumaini, wewe unatoa hukumu. "Mtu wa kituo ya pili analala." "Yule mrefu anapenda kupiga picha kuliko kupiga mpira." Mimi nilikuwa nakuona huna imani. Kumbe kila mwaka ulichosema ndicho kilichotokea, na kila mwaka tulimaliza wa mwisho katika timu nane.

Na mrushaji wetu alikuwa Rico. Kwa wasiojua, huyu Rico mnayemwita kocha ndiye aliyeianzisha timu. Ni Mfilipino, mpishi wa mikate wa hoteli, na gongo letu la kwanza alilileta yeye kutoka kwao. Mimi nina sababu yangu ya kumpenda. Mama yangu alipofariki nikashindwa kwenda kuzika, Rico alishuka chumba cha kufulia kila asubuhi wiki nzima, akaweka mkate mtamu wa moto juu ya meza yangu, akaondoka. Mkate ulikuwa unatosha.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Mwaka jana, wiki moja kabla ya msimu, timu na mashabiki tulikaa kiwanjani juu ya mikeka kama ilivyo desturi yetu, kila mtu aseme anavyoona. Walisema wengi, na wote walisema mazuri. Ukasimama wewe, bado umevaa sare ya kazi.

"Rico asirushe tena," ulisema. "Mkono yake imekwisha."

Rico aliacha kukata mkate. Akakuuliza taratibu, "Nani amekwambia?"

Ulimwangalia muda mrefu. Nakumbuka sana muda ule, maana niliutafsiri vibaya. Kisha ukasema, "Hakuna mtu. Mimi naona tu."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nikaona unamdhalilisha mtu mwema mbele za watu, tena bila ushahidi. Nikasimama nikakwambia, "Kazi ya kupekua mikoba ya watu imekukausha moyo. Kila mtu kwako ni mwizi mpaka afungue begi."

Wote walisikia. Baraka aliangalia chini. Wewe ulisema, "Sawa," ukakaa.

Tuliishi wiki nzima chumba kimoja bila kusemezana. Asubuhi uliendelea kuchemsha maji ya watu wawili, na sehemu yangu ukaniachia kwenye chupa. Niliyanywa, wala sikushukuru.

Mechi ya kwanza tulicheza na walimu wa Kimarekani. Rico alirusha. Raundi ya kwanza ilikwenda vizuri, ya pili pia, na mimi nikawa nakutupia jicho la unaona sasa. Raundi ya tatu alirusha mpira ukaanguka katikati ya njia, kama kitu kilichoponyoka mkononi. Akaokota, akajaribu tena. Mkono haukupanda. Akakaa chini mchangani, jasho linamtiririka na jua lenyewe halikuwa kali, ameshika bega kama ameshika kitu kinachotaka kudondoka.

Timu haikuwa na mrushaji mwingine. Kila mmoja alimwangalia mwenzake. Ukanyanyuka kwenye mkeka, ukavua kofia ya kazi, ukaingia uwanjani. Walimu wakamgeukia mwamuzi, yule mzee wa Kijapani, wakamuuliza kama mwanamke anaruhusiwa. Mzee akatoa kitabu cha sheria mfukoni, akafunua ukurasa mmoja mmoja bila haraka, akakifunga, akasema haoni mahali palipokatazwa. Rico alikuwa bado amekaa chini. Akakuvulia glavu yake, akakupa.

Ulirusha umevaa viatu vyeusi vya ulinzi. Mpigaji wao wa kwanza alikuwa anatabasamu. Alipunga gongo mara tatu, mara zote tatu akapiga upepo, akarudi kukaa na lile tabasamu hanalo tena. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka, nikasahau kuwa tumenuniana.

Tulifungwa, lakini kwa pointi moja, sisi tuliozoea kufungwa mpaka mwamuzi mwenyewe anatuonea huruma. Watu wetu walikumbatiana. Walimu wakawa wanaulizana nani kashinda.

Magharibi ile niliichukua sare yako kwenye ndoo, imejaa vumbi mpaka kwenye mishono, nikaifua kwa mkono, nikaipiga pasi kama ninavyopiga za wageni wakubwa. Uliishika ukaigeuza huku na huku. "Umetoa hata ile doa ya zamani," ulisema. Nikakujibu, "Doa gani linanishinda mimi?" Ukacheka, nami nikacheka. Nikadhani yameisha. Kwa watu wanaoishi chumba kimoja mara nyingi huisha hivyo. Lakini neno lenyewe sikulirudisha, na wewe hukunidai.

Ulirusha msimu mzima. Tukamaliza wa tano. Daktari alimkataza Rico kabisa kurusha, na mudiri wa jikoni, badala ya kumrudisha kwao, akamhamishia upande wa keki, kazi ya macho na vidole. Akawa kocha wetu. Kisha mkataba wako ukaisha, na skuli yako ya zamani ikakutaka ukafundishe wasichana kurusha. Hukufikiria mara mbili. Nilikusaidia kufunga sanduku, na yote niliyotaka kusema nikayafungia humo.

Basi wiki mbili zilizopita nilikuwa nakunywa maji kwenye korido ya chini, Rico akaja kupumzika. Tukazungumza timu. Nikamwambia, "Dada Nakato angekuwepo angetwambia ukweli." Rico akaniuliza kama uliwahi kunieleza ulijuaje habari ya bega lake. Nikasema hapana, ulisema unaona tu.

Akanieleza. Mwaka mzima kabla ya siku ile ya mikeka, kila asubuhi alikufungulia begi lake langoni, na kila asubuhi uliona kilichomo: bendeji, dawa za kuchua, vidonge vya maumivu. Uliona analibeba kwa mkono wa kushoto. Siku moja alishindwa kufunga zipu, ukamfungia mwenyewe, ukamwambia pole. Akakuomba usimwambie mtu, kwa sababu mpishi wa mikate asiyeweza kunyanyua bega anapandishwa ndege. Ukamjibu, "Kitu ya begi inabaki kwa begi."

Kwa hiyo alipokuuliza pale kwenye mikeka nani amekwambia, alikuwa anaogopa usije ukasema. Ungeweza kusema. Ungesema, mimi ningefunga mdomo na kila mtu angekupa haki. Ukasema unaona tu. Na nilipokutukania kazi yako, ukasema sawa.

"Nilimwacha umtukane," Rico aliniambia. "Mimi nilijua, nikanyamaza. Niliogopa." Alifuta macho kwa kofia yake ya jikoni. Amenipa ruhusa niyaandike haya yote, kwa sababu sasa mudiri anajua na hana tena cha kuficha. Ameniomba niongeze kwamba katika hoteli nzima wewe peke yako ndiye uliyetaka apumzike, na kwamba leo anaweza kumnyanyua mjukuu wake akienda likizo. Amemnyanyua mwezi wa saba. Nimeiona picha.

Dada, nilisema kupekua mikoba kumekukausha moyo. Nilikosea. Ulikuwa unabeba ya watu wengi kuliko sote, na hukumwonyesha mtu. Nisamehe. Nalisema hapa, mbele ya Baraka na Rico na wote waliokaa kwenye mikeka siku ile.

Usidhani nakuandikia nikiwa na huzuni. Niko vizuri. Kitanda chako amepata dada mmoja kutoka Mombasa, mpole, anasali kwa wakati na anakoroma kidogo. Kazini nimefanywa msimamizi wa zamu. Mchana huwa nakumbuka Ijumaa zetu nikiwa mbele ya mashine, na wenzangu wananiuliza nacheka nini.

Na kuhusu Ngamia, msimamo wangu ni huu. Wilson, yule mlinzi Mkenya, ana mkono mzuri ila ana haraka, anachoka raundi ya tano. Kituo cha pili hakuna anayelala tena. Rico anasema wa nne, Baraka anasema ubingwa, mimi nimesema wa tatu na sirudi nyuma. Tunasubiri hukumu yako.

Ijumaa tukifika kiwanjani nitakupigia, niweke simu juu ya mkeka upande wetu, uwasikie wanavyopayuka. Chagua mahali pa kukaa kimya hapo skulini kwako. Halafu kuanzia mpira wa kwanza, niambie kila ninapokosea, wala usinionee huruma.

Wasalimie wasichana wako wote, na mkono wako wa kulia.

Mdogo wako wa kitanda cha pili,
Mwanaidi